Mtama

Nyuma ya bweni la kiwanda, Bayan Lepas,
ambako maboksi ya friji hutandikwa badala ya mkeka,
zamu ya mchana imetoka, vidole bado vinanuka lehemu.
Saa mbili usiku. Taa moja, wadudu wengi.
Yusnidar anavua ndala, anaziweka sambamba,
ncha zikitazama mlango, kama alivyofundishwa.
"Njoo," anamwambia Isagani. "Upendavyo."

Isagani anakuja kwa miguu tu. Kwao Baras
mikono hukaa nyuma. Ya nini mikono,
mpunga ukiwa majini na nyayo zinaijua kazi?
Anazunguka juu ya kisigino, mduara mzima,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani akakirudia,
na kisigino cha pili kinafika kabla ya uso wake.

Yusnidar hayupo.
Yuko chini, amekalia kifundo chake mwenyewe,
na mguu wake mrefu unapita sakafuni
taratibu, taratibu mno, kama kiganja kinachofuta makombo mezani.
Isagani yuko chali, anahesabu nyota ambazo Penang haina.

Kwetu tungesema kapigwa mtama.
Neno hilo linanipendeza, maana ndivyo ilivyo:
shina refu, kichwa kizito cha nafaka,
na mtu aliyeinama, hana haraka, ana mundu.

Sasa mabishano. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Wanchana, mpishi wa kibanda cha tomyam ng'ambo ya barabara,
amekuja na aproni yake yenye harufu ya mchaichai.
Huo si ufundi, anasema, huo ni usafi wa nyumba.
Yeye hukupokea kwanza: unapiga teke, analikumbatia ubavuni
kama kifurushi kilichotumwa kwa jina lake,
anakutazama machoni, karibu akuonee haya,
ndipo ugoko wake unaukata mguu ulioubakiza.
Wewe chini, yeye wima. Kwao Songkhla
majaji humtazama aliyebaki wima.

Wima kitu gani? Diep anacheka.
Ana kilo arobaini na nne na mdomo wa kilo mia.
Anakimbia hatua tatu, anaruka, na hewani
miguu inafunguka kama mkasi wa fundi cherehani,
mmoja kifuani, mmoja nyuma ya magoti,
na anaanguka nawe.
Hiyo ndiyo hoja yake yote:
mdogo asiyekubali kuanguka haangushi mtu.

Htay Lwin hasemi.
Alipigana majukwaani Hpa-an, ngumi zimefungwa shashi tu,
na goti lake la kushoto hutabiri mvua kuliko redio.
Wanamsihi. Mwishowe anavuta kiti cha plastiki,
anaweka unyayo nyuma ya mguu wa kiti,
anakiegemeza paji la uso, polepole, kama anakinong'oneza.
Kiti kinaanguka.
"Hivyo," anasema.
Anakiinua, anakipangusa vumbi, anakikalia.

Kimya kidogo. Kisha Diep: nani alikufundisha wewe?

Mjomba, anasema Yusnidar. Payakumbuh. Usiku, kwenye tope,
taa imezimwa ili macho yaache kuingilia.
Miezi saba hakumfundisha kufagia. Alimfundisha kufagiwa:
aende na mguu uliomjia, asibishane nao,
ajue kwa nyayo, tope likihama,
kuwa mtu ameshaamua.
Usiku wa kuamkia safari alimwangusha mjomba
mara moja tu, miaka yote ile mara moja.
Mzee alikuwa na sabini na moja. Alijipangusa magoti,
akasema basi la saa kumi halimngoji mtu.
Hadi leo Yusnidar hajui
kama alimwangusha, au alipewa.

Mlinzi anapiga filimbi getini. Mtu anakunja boksi moja.
Isagani ameshasimama, kipande cha gundi kimemganda kisogoni.
"Tena," anasema,
na safari hii anakuja taratibu.